Thames na Maghala Yake

Boti za watalii zitokazo Westminster kwenda Greenwich huanza safari mbele ya jengo lenye sura ya ukale kuliko umri wake. Bunge la Uingereza liliteketea tarehe 16 Oktoba 1834, watumishi walipojaza tanuru kupita kiasi kwa vijiti vya zamani vya hesabu za hazina. Jengo la sasa ni kazi ya wasanifu Barry na Pugin, na lilikuwa bado halijakamilika mto ulipowaadhibu wabunge. Kiangazi cha 1858 Thames ilibeba kinyesi cha mji mzima wa London, na mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa ya chokaa kuzuia uvundo. Kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu bila kuwashtua wabunge. Harufu ndiyo iliyowafanya wapitishe fedha haraka.

Mhandisi Joseph Bazalgette akachimba mifereji mikuu ya majitaka, mmojawapo ukapita chini ya ukuta mpya uliousukuma mto pembeni. Nyuma ya ukuta huo, bustanini, lingalipo lango la mawe la mwaka 1626, lililojengwa ili bwana mkubwa ashuke mashuani na kupanda ngazi zake moja kwa moja. Leo liko zaidi ya mita 100 kutoka majini, na ngazi zake zinaishia kwenye nyasi. Ukitaka kujua mto ulikuwa mpana kiasi gani, usiulize. Nenda kasimame hapo.

Daraja la London la sasa ni la 1973, na halina mvuto. Lile la mawe lililokamilika 1209 lilidumu miaka zaidi ya 600, likiwa na nyumba na maduka juu yake, na vichwa vya waliohukumiwa uhaini vikitundikwa langoni. Lililolirithi mwaka 1831 liliuzwa kwa Mmarekani 1968, na mawe yake yakasafirishwa hadi Arizona. Waongozaji wa watalii hupenda vichwa hivyo, kama wapendavyo Lango la Wasaliti kwenye ngome ya Tower, ngome aliyoianzisha William Mshindi katika karne ya 11. Damu inauza tiketi.

Mimi macho yangu huenda ng'ambo kidogo ya Tower Bridge, kwenye gati la St Katharine. Ili lichimbwe na kufunguliwa mwaka 1828, watu zaidi ya 11,000 walivunjiwa makazi, na wapangaji hawakulipwa kitu. Katikati ya karne likajengwa hapo ghala la matofali lenye mnara wa saa, linaloitwa hadi leo Ivory House, Nyumba ya Pembe. Pembe za ndovu zilizotoka bara mabegani mwa wapagazi, zikafika Bagamoyo na kuvushwa hadi Zanzibar, nyingine ziliishia kwenye minada ya London, kisha zikageuka vitufe vya piano, mipini ya visu na mipira ya biliadi. Sasa ghala hilo ni makazi ya wenye nazo, na mbele yake zimefungwa boti za starehe.

Mbele zaidi, magati na maghala ya West India ya mwaka 1802 yalipokea sukari iliyolimwa na watumwa wa Karibea. Sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara aliyemiliki watumwa na kuyasimamia magati hayo, iliondolewa Juni 2020. Magati yenyewe yalikuwa yamekufa zamani, kwani meli za makontena hazikuweza kuingia humo. Mwaka 1980 magati yakafungwa, na mabenki yakaota minara juu yake.

Greenwich ilichaguliwa mwaka 1884 kuwa longitudo ya sifuri kwa sababu ya mizigo pia: meli nyingi duniani zilikuwa tayari zikitumia ramani zilizohesabiwa kutoka hapo. Juu ya paa la kituo cha wanaastronomia kuna mpira mwekundu wa ishara ya saa, ishara iliyoanzishwa 1833 ili manahodha waliotia nanga mtoni warekebishe saa zao kabla ya kutweka. Mpira hupandishwa mlingotini, na saa saba kamili mchana hudondoka.