Calestous Juma

Calestous Juma (1953–2017) alikuwa mwanazuoni Mkenya wa teknolojia na maendeleo ya uchumi. Alikulia Port Victoria, Busia, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria magharibi mwa Kisumu, ambako babake alikuwa seremala.

Alianza na chaki: baada ya chuo cha ualimu cha Egoji alifundisha shule ya msingi mjini Mombasa, kisha akaandikia gazeti la Daily Nation habari za sayansi na mazingira.

Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, kilimtunuku shahada ya uzamivu mwaka 1987. Mwaka uliofuata alianzisha jijini Nairobi kituo cha utafiti wa sera za teknolojia, ACTS. Baadaye, akiwa profesa wa Harvard, alifundisha jinsi uvumbuzi unavyokuza uchumi na kwa nini jamii huupinga.