Michezo ya kompyuta inayozoesha vidole kuandika: namna inavyofanya kazi na namna ya kuitumia kwenye klavie za kwetu

Kwenye matangazo ya kazi yanayobandikwa Goma, Bukavu, Bunia ao Kalemie, mara nyingi kuna mstari huu: «maîtrise de l'outil informatique». Kijana anaandika kwenye CV yake kwamba anajua Word na Excel. Siku ya testi anapewa karatasi moja ya kunakili, saa inaanza kuhesabu, na hapo vidole viwili vinamsaliti. Kumbe kujua kufungua Word ni jambo moja, na kuandika haraka bila makosa ni jambo lingine.

Hilo la pili linaweza kufundishwa hata nyumbani, bila kulipa kozi. Kuna michezo ya kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Mingi ni ya bure na mingine haiombi intaneti hata kidogo. Lakini mchezo unasaidia mtu aliyepanga vidole vyake vizuri na anayejua aina ya klavie aliyo nayo. Asiyejua hayo anaweza kucheza mwaka mzima na kubaki palepale.

Kuandika polepole kunagharimu nini

Mwendo wa kuandika unapimwa kwa maneno kwa dakika. Kwa kipimo hicho, «neno» moja ni vitufe 5 vilivyobonyezwa, pamoja na nafasi kati ya maneno. Mtu wa maneno 10 kwa dakika anabonyeza mara 50. Mtu wa maneno 40 anabonyeza mara 200.

Tuchukue ukurasa wa alama 2.000. Wa kwanza atautumia dakika 40, wa pili dakika 10. Kwa kazi ya mwisho wa masomo (TFC) yenye kurasa 40, wa kwanza atahitaji zaidi ya saa 26, na wa pili saa 6 na dakika 40. Tena umeme unakatika. Betri inayoshika saa 2 inampa wa kwanza kurasa 3, na wa pili kurasa 12.

Ndiyo maana wanafunzi wengi wanachoka na kupeleka madaftari yao kwenye vile vibanda vilivyoandikwa mlangoni «Secrétariat public». Pale malipo yanahesabiwa kwa ukurasa. Mwalimu wa TFC akisahihisha, mwanafunzi anarudi tena kupigisha, na analipa tena. Anayeandika mwenyewe anabaki na malipo ya kuchapisha peke yake.

Kutoka mashine ya chuma mpaka mchezo

Mpangilio wa QWERTY ulitoka Marekani, kwenye mashine ya kuandika ya Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. AZERTY ni ndugu yake wa Kifaransa. Jina la kila mpangilio ni herufi 6 za kwanza za mstari wa juu.

Mwanzoni watu waliandika kwa kutafuta herufi kwa macho. Tarehe 25 Julai 1888, katika mji wa Cincinnati, karani wa mahakama aitwaye Frank McGurrin alishindana na Louis Traub mbele ya watu. McGurrin alikuwa amekariri vitufe vyote na aliandika bila kuviangalia. Alishinda, na ushindi wake ulisaidia kueneza daktilografia ya vidole vyote, ile ambayo wazee wengi wa ofisi zetu walijifunza kwenye mashine za chuma.

Kompyuta ilipoingia nyumbani, masomo hayo yakageuzwa mchezo. Mwaka 1987 kampuni ya Marekani, The Software Toolworks, ilitoa programu ya Mavis Beacon Teaches Typing, yenye masomo na mchezo wa mbio za magari. Watu wengi waliamini Mavis Beacon ni mwalimu wa kweli. Hakuwa mtu: picha ya kwenye boksi ilikuwa ya Renée L'Espérance, mwanamke wa kutoka Haiti.

Mchezo unafundisha namna gani

Kuandika bila kuangalia ni kazi ya mazoea, kama kupiga ngoma ao kuendesha baiskeli. Kidole kinapaswa kurudia safari ileile mara nyingi mpaka kiende chenyewe. Kurudia huko kunachosha akili, na hapo ndipo mchezo unasaidia.

Kwanza, unajibu palepale. Ukikosea herufi, unajua kabla ya kugusa inayofuata. Pili, unakata somo vipande vidogo: leo herufi 4, kesho 6. Tatu, unaongeza mwendo kidogo kidogo kulingana na uwezo wa mchezaji. Tena unampa mtoto sababu ya kurudi kesho, kwa kuwa anataka kupita hatua aliyoishindwa jana.

Michezo ya bure isiyoomba intaneti

GCompris ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Bruno Coudoin. Jina lake linachezea maneno ya Kifaransa «j'ai compris», yaani nimeelewa. Ni mkusanyo wa michezo zaidi ya 100 kwa watoto wa miaka 2 mpaka 10. Ndani yake kuna mchezo wa herufi zinazoanguka kutoka juu: mtoto anapaswa kubonyeza kila herufi kabla haijafika chini. Kuna pia wa maneno yanayoanguka.

Tux Typing inachezwa na pinguini anayeitwa Tux. Katika mchezo mmoja samaki wanaanguka wakiwa na herufi ao maneno, na mchezaji akiandika sawasawa, Tux anakimbia kuwameza. Katika mwingine vimondo vinashambulia miji, na kila neno lililoandikwa vizuri linalipua kimondo kimoja. Ni programu nyepesi, inakubali hata kompyuta za zamani.

Klavaro haina wanyama wala vimondo, ni mazoezi matupu. Inafaa kwa vijana na watu wazima. Uzuri wake ni kwamba inakubali AZERTY na QWERTY, na mtu anaweza kuweka maandishi yake mwenyewe ya kujizoesha.

Programu hizi zinapakuliwa mara moja, kisha zinahamishwa kwa flashi ya USB kutoka kompyuta moja mpaka nyingine. Ni halali, kwa kuwa zilitolewa ziwe za wote. Zichukuliwe kwenye tovuti zao zenyewe, siyo kwenye flashi ya mtu asiyejulikana, maana virusi vinapenda njia hiyo. Michezo ya kwenye intaneti kama TypingClub ni mizuri pia, ila inakula mega.

AZERTY ao QWERTY: kwanza kujua klavie

Shule na ofisi za Kongo zinafuata Kifaransa, kwa hiyo zilizoea AZERTY. Lakini kompyuta zinazoingia kwa njia ya Kampala, Nairobi ao Dubai mara nyingi zina QWERTY. Mtoto anajifunza moja shuleni na kukuta nyingine nyumbani.

Tofauti kubwa ni chache. A na Q zimebadilishana fasi, vilevile Z na W. M iko kando ya L kwenye AZERTY, lakini kwenye QWERTY iko mstari wa chini, kando ya N. Kwenye AZERTY namba na nukta zinaomba kushika kitufe cha Maj, lakini é, è, ç na à zinapatikana kwa kubonyeza mara moja.

Kitu kimoja hakibadiliki. F na J zina kijistari kilichoinuka ambacho kidole kinakisikia hata gizani. Kidole cha shahada cha kushoto kinakaa juu ya F, cha kulia juu ya J. Vingine vinafuata: kushoto Q S D F kwa AZERTY ao A S D F kwa QWERTY, kulia J K L M kwa AZERTY, na kwa QWERTY J K L na kitufe cha nukta-mkato. Gumba linabonyeza kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi. Baada ya kila herufi, kidole kinarudi nyumbani kwake.

Kabla ya kufungua mchezo, ni lazima kuhakikisha kwamba mpangilio uliochaguliwa ndani ya kompyuta unalingana na ule mtu anaotaka kujifunza. Kwenye Windows 10 na 11, kama mipangilio miwili imewekwa, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha kuacha nafasi kunapitisha kutoka mmoja kwenda mwingine. Tena asiyeangalia vitufe hasumbuliwi na herufi zilizochorwa juu yake: anaweza kuweka AZERTY ndani ya kompyuta ya QWERTY na kuandika Kifaransa chake na aksenti zote.

Kiswahili kinachosha kidole kidogo

Michezo mingi inatumia maneno ya Kifaransa ao ya Kiingereza. Inazoesha sana herufi E, inayotokea mara nyingi katika lugha hizo. Kiswahili kinapenda A.

Mfano ni sentensi hii: «Wanafunzi wanaandika kazi ya mwisho wa mwaka.» Ina herufi 38. Kati yake A ni 11 na W ni 5. Kwenye AZERTY, A na W zote ni za kidole kidogo cha kushoto: A juu, W chini. Basi kidole kile dhaifu kuliko vyote kinabeba herufi 16 kati ya 38. Na Q, ambayo ndiyo iko chini ya kidole hicho kwenye mstari wa nyumbani, Kiswahili hakiitumii. Kwenye QWERTY mzigo ni mwepesi: A iko nyumbani, na W ni ya kidole cha pete.

Kwa hiyo mtu atakayeandika Kiswahili, iwe barua ya kanisa, ripoti ya kikundi cha akina mama ao habari za redio, asitosheke na maneno yaliyokuja na mchezo. Tux Typing ina fasi ya kuandika orodha ya maneno mapya. Orodha nzuri ya kuanzia kwa AZERTY ni: wao, kwao, mwaka, wanawake, wakaaji, Walikale. Katika neno «wanawake» peke yake, herufi 5 kati ya 8 ni za kidole kile.

Mchezo unapodanganya

Mchezo unahesabu pointi, hauoni vidole. Mtoto anaweza kushinda hatua nyingi kwa vidole viwili vya haraka na macho juu ya klavie. Pointi zinapanda, lakini amejifunza kutafuta herufi kwa haraka tu. Akipewa karatasi ya kunakili, macho yatakwenda kwenye karatasi, kwenye klavie, kwenye skrini, na mistari itarukwa.

Dawa yake ni kitambaa chepesi kilichotandazwa juu ya mikono. Siku za kwanza mchezaji atashindwa na atakasirika, na mwendo wake utashuka chini ya ule wa vidole viwili. Wengi wanaachia hapo. Anayevumilia wiki chache anapita mwendo wake wa zamani.

Kosa la pili ni kutafuta mbio kabla ya usahihi. Kidole kinachokosea kila siku kinazoea kosa. Ni vizuri mtu abaki kwenye hatua ileile mpaka apate herufi 95 sawa kati ya 100, kisha ndipo aongeze mwendo.

Kompyuta moja, wanafunzi wengi

Shule yenye kompyuta chache inaweza kuweka wanafunzi 3 kwenye kila moja. Mmoja anacheza, wa pili anaangalia vidole vyake na kumkumbusha, wa tatu anaandika makosa kwenye daftari. Baada ya dakika 10 wanabadilishana. Wanaongoja zamu wanajizoesha kwenye klavie iliyochorwa kwenye karatasi, huku mwalimu akitaja herufi. Karatasi haionyeshi kosa, lakini inafundisha fasi ya kila herufi.

Nyumbani pasipo kompyuta, simu nyingi za Android zinakubali klavie ya USB kwa waya mdogo unaoitwa OTG. Siyo zote, kwa hiyo ni vizuri kujaribu kabla ya kununua. Kucheza kwa gumba kwenye kioo cha simu hakusaidii kitu kwa kazi hii.

Namna ya kupanga mazoezi

Dakika 15 kila siku ni bora kuliko saa 2 za siku ya posho. Wiki ya kwanza ni mstari wa nyumbani peke yake, ya pili mstari wa juu, ya tatu wa chini. Wiki ya nne ni herufi kubwa, nukta na aksenti, na ya tano maneno ya Kifaransa na ya Kiswahili kwa zamu. Kuanzia wiki ya sita, nusu ya muda iwe mchezo na nusu iwe kunakili maandishi ya kweli kutoka kwenye karatasi, kwa saa, bila kurudi nyuma kufuta. Testi ya kazi inafanana na hiyo nusu ya pili, na mtu akishafika hapo anaweza kupunguza michezo kidogo kidogo na kuanza kujiandikia TFC yake.