Mbio za Mwisho wa Mwaka: Historia Yake, na Kosa la Katibu



Mhariri ameniomba niandike historia ya mbio za kilomita 10 ambazo chama chetu huendesha mjini Shinyanga kila tarehe 31 Disemba. Nilimjibu kwamba historia yenyewe ni changa, tangu mwaka 2019 tu, wala haitoshi kujaza ukurasa. Akasema basi niandike na ya wenzetu waliotutangulia. Nimekubali kwa sababu ambayo yeye sikumwambia. Mwaka 2022 mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya mbio, na kipenga kilikuwa mkononi mwangu. Wengi wenu mmesimuliwa mambo ya siku ile na watu ambao hata hawakuwapo.

Nianze mbali. Mama wa mbio zote za mwisho wa mwaka ni zile za São Paulo, nchini Brazili. Mwandishi wa habari aitwaye Cásper Líbero, mwenye gazeti la A Gazeta, alikuwa ameona huko Paris mbio za usiku ambamo watu walikimbia wakiwa na mienge mikononi. Jambo lile likamkaa moyoni. Aliporudi kwao alitangaza mbio za usiku wa kuamkia mwaka mpya, na zikafanyika kwa mara ya kwanza tarehe 31 Disemba 1925. Waliojiandikisha walikuwa 60, waliojitokeza 48, na mshindi akawa Alfredo Gomes. Jina zilipewa la Mtakatifu Silvesta, Papa aliyefariki tarehe 31 Disemba mwaka 335, ambaye siku hiyo ndiyo sikukuu yake.

Nilipoisoma habari ya mienge nilicheka peke yangu. Sisi tulikua tukiungojea Mwenge wa Uhuru kando ya barabara, tumepangwa mstari kwa kimo, vumbi likitupanda hadi magotini. Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961, naye Alexander Nyirenda ndiye aliyeupandisha. Mbio zake zilianza mwaka 1964. Hazina mshindi, na pengine ndiyo sababu hatukuzihesabu kuwa mbio. Lakini kijana wa Usukuma aliyekimbia na Mwenge kutoka mpaka wa wilaya moja hadi nyingine alikuwa amekwisha kukimbia barabarani mbele ya umati, jambo ambalo wakimbiaji wetu wengi wa uwanjani hawakuwahi kulifanya.

Wengine huuliza: mbio za mwisho wa mwaka si za wazungu, za wakati wa theluji? Huko Ulaya ni kweli. Madrid wanazo tangu mwaka 1964, na Eliud Kipchoge wa Kenya alizishinda mwaka 2006, kwenye baridi kali. Japani nako Disemba ni majira ya baridi, na ndipo Juma Ikangaa wetu alipopigana na Toshihiko Seko katika marathoni ya Fukuoka mwaka 1983, akashindwa kwa sekunde 3 tu, kisha akarudi mwaka 1986 akaichukua. Lakini São Paulo iko kusini ya Ikweta kama sisi. Kwao Disemba ni joto na mvua za ghafla. Kwa hiyo aliyetaka kuiga mbio hizi Shinyanga, mahali penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 na jua lisilo na huruma likitoka baada ya mvua, angefanya vyema kuwatazama Wabrazili. Sisi tuliiga tarehe, tukaacha mengine yote.

Tena nakiri kuwa tarehe yenyewe si ya kwetu. Majira ya Msukuma ya kushindana ni baada ya mavuno, kuanzia Juni, ghala likiwa limejaa. Hapo ndipo Wagika na Wagalu walipokuwa wakipambana kwa mbina, kila upande na manju wake na dawa zake, na upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Hapakuwa na saa wala kamba ya mwisho. Umati wenyewe ulikuwa hakimu. Mwishoni mwa Disemba watu wako shambani wanapalilia pamba. Mwaka wetu wa kwanza watazamaji barabarani walikuwa watoto, mbuzi, na wazee wawili waliodhani tunafukuza mwizi. Hata hivyo hatukuweza kuchagua mwezi mwingine, kwa kuwa walio Dar es Salaam, Mwanza na migodini hupata likizo wakati wa Krismasi, na chama bila wao ni watu sita na daftari.

Sasa nije kwenye mambo mawili yaliyotushinda, ambayo São Paulo walikwisha kuyapitia.

La kwanza ni la nani aingie. Kwa miaka 20 mbio zile zilikuwa za wakazi wa Brazili. Mwaka 1945 zikafunguliwa kwa watu wa Amerika Kusini, na mwaka 1947 kwa dunia nzima. Mwaka 1953 akaja Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyetoka kuchukua medali tatu za dhahabu Helsinki mwaka uliotangulia, akawaacha wote. Wanawake waliruhusiwa mwaka 1975, na wa kwanza kushinda alikuwa Christa Vahlensieck wa Ujerumani Magharibi. Nusu karne nzima walikuwa watazamaji! Nasi tusijitie kuwacheka, maana katika kamati yetu hoja ya dada zetu ilijadiliwa vikao viwili, ingawa shule ina wasichana sasa.

Wenye kushika lango wana hoja yao, nami sitaificha. Brazili ilipofungua mlango, kombe liliondoka. Baada ya mwaka 1946 hakuna mwanamume wa Brazili aliyeshinda hadi José João da Silva mwaka 1980. Miaka 34! Baadaye wakaingia jirani zetu: Simon Chemwoyo mwaka 1992 na 1993, kisha Paul Tergat mara tano kati ya mwaka 1995 na 2000. Rekodi ya Tergat ya kilomita 15, dakika 43 na sekunde 12, ilidumu tangu mwaka 1995 hadi mwaka 2019, Mkenya mwingine, Kibiwott Kandie, alipompita Jacob Kiplimo wa Uganda hatua chache kabla ya utepe, akamaliza kwa dakika 42 na sekunde 59. Kwa hiyo mzee mmoja wa kamati aliposema, "Tukifungua, mbuzi ataondoka," alikuwa anasema kweli tupu.

Mbuzi huyo ndiye aliyeondoka mwaka 2021, au tuseme karibu aondoke. Kijana mmoja alikuja kwa basi la usiku kutoka Geita, mchimbaji mdogo wa upande wa Nyarugusu, anayeshinda ndani ya duara na jioni kusaga mawe kwenye karasha. Alikuwa amemsindikiza mjomba wake, ambaye ni mwenzetu. Tulimwandikisha bila kumuuliza shule. Alikimbia na katambuga, akatuacha kwa dakika mbili nzima. Kamati ikakaa chini ya mwembe, ikaamua kuwa mbuzi ni wa mwanachama au mwanafunzi, naye apewe mkono wa pongezi. Alipokuja kupewa mkono aliuangalia, akasema kwa upole, "Shikamoo wazee. Na mbuzi mwenyewe yuko wapi?" Mimi nilikuwa mwanakamati. Nilinyamaza. Mbuzi alichinjwa mchana ule tukamla na ugali, na sikumbuki nyama iliyonikaa vibaya kama ile.

La pili ni la saa, nalo ndilo zito.

São Paulo walikimbia usiku hadi mwaka 1988. Mwaka 1989 wakahamia alasiri, na tangu mwaka 2012 huanza asubuhi. Sijui watu gani walilalamika kwamba mila inavunjwa, ila kila badiliko la saa huwa na wenye kulalamika. Hoja yangu ni kwamba mbio ile ni ya zamani na maarufu kuliko yetu mara elfu, na bado waliona saa ya kuanza ni kitu cha kubadilishwa, si cha kuabudiwa.

Ratiba yetu ya mwaka 2022 ilisema saa 1 asubuhi. Wakimbiaji 70 na ushei walikuwa mstarini saa 12 na nusu, kuna umande, mawingu yametanda, hali ya hewa ya kumtamanisha hata mlemavu wa viungo kama mimi mwenye goti bovu. Mgeni rasmi hakuwa amefika. Tukapiga simu, tukaambiwa yuko njiani. Saa 2 yuko njiani. Saa 3 yuko njiani. Mawingu yakafunguka. Vijana wakakaa chini ya miti, kisha wakasimama, kisha wakaanza kucheza mpira. Maji ya chupa tuliyoweka kwa ajili ya vituo vya njiani yakaanza kunywewa jukwaani na wageni waliokuwa wakingoja kivulini. Niliyaona yakiisha. Nilijiambia tutanunua mengine.

Mgeni akafika saa 4 kasoro robo. Ikasomwa risala, akajibu risala. Nilipopuliza kipenga ilikuwa saa 4 na nusu, na lami ilikuwa inanuka.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu alianguka kilomita ya nane. Nawaeleza ninyi vijana kilichotokea mwilini mwake, kama nilivyoelezwa baadaye na mganga. Misuli inayokimbia hutoa joto jingi, na jasho likikauka juu ya ngozi ndilo linalolipoza. Hewa ikiwa na unyevu wa mvua, jasho hutiririka bila kukauka, na mtu asiyekunywa maji hatimaye hukosa hata hilo jasho. Joto la ndani likipita nyuzi 40, akili huanza kuchanganyika. Yeye alikuwa anakimbia huku akipinda kuelekea mtaroni, akimwita mdogo wake ambaye hakuwapo. Dawa ya kwanza ni kumpoza pale pale, kabla ya gari na kabla ya hospitali.

Sisi hatukuwa na maji. Aliyemwokoa ni muuza maji wa baiskeli, aliyekuwa akisukuma madumu manne kupeleka kwenye hoteli ya mama lishe. Hakuuliza kitu. Alifungua dumu la kwanza akammwagia kichwani na kifuani, la pili vivyo hivyo, akavua shati lake akalilowesha na kumpepea nalo. Tulipotaka kumlipa alikataa, akasema tukamlipe mama lishe kwa ajili ya kuchelewa. Kijana alilala hospitali usiku mmoja, akatoka mzima tarehe 1 Januari.

Mama yake alifika jioni ile kutoka kijijini. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari za jua na za unyevu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Baba, mlikuwa mnamngoja nani?"

Nilimjibu kuwa tulikuwa tunamngoja mgeni rasmi. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kwa mwanawe.

Baada ya hapo kulikuwa na maneno mengi. Wapo waliosema lawama ni ya mgeni. Si kweli. Mgeni hakuwa na kipenga. Wapo waliosema mbio zifutwe, nami nilikuwa mmoja wao kwa muda wa miezi mitatu, hata nikaandika barua ya kujiuzulu. Kilichonirudisha ni kijana mwenyewe, aliyekuja nyumbani siku ya mnada kuniuliza mwaka huu zitaanza saa ngapi. Hakuuliza kama zitakuwapo.

Mkutano mkuu wa 2023 ulipitisha haya, na tangu hapo yamefuatwa. Kipenga hulia saa 12 na nusu asubuhi, awepo mgeni au asiwepo; risala husomwa wakati wa kutoa zawadi, na mgeni aliyechelewa hukuta watu wanakula. Maji huwekwa kila baada ya kilomita mbili na nusu, chini ya ulinzi wa wanachama wasiokimbia, na hairuhusiwi chupa hata moja kupanda jukwaani. Wauza maji wawili wa baiskeli hulipwa kufuata njia nzima na madumu yao. Wanawake hukimbia, na wana mbuzi wao. Yeyote mwenye miguu hujiandikisha, awe wa shule yetu au wa Katoro, Kahama au Nyarugusu, na akishinda anaondoka na mbuzi.

Yule wa katambuga nilimtafuta kupitia mjomba wake. Alikuwa amehamia machimbo mengine, simu yake haipatikani. Mwaka 2024 tulimpelekea mjomba mbuzi jike mwenye mimba, amtunzie. Hadi naandika haya wamefika wanne, na mjomba analalamika kuwa wanamla mihogo.

Fomu za mwaka huu ziko kwa katibu mpya. Mimi nitakuwa kilomita ya nane, na maji.