Makaa ya Luena na Lugha ya Forodha

Insha hii yachunguza swali moja katika historia ya forodha: ni nani auitaye mzigo jina, na kwa lugha ipi? Mfano wetu ni makaa ya mawe ya Luena, mji wa machimbo ulio kwenye reli kati ya Bukama na Kamina.

Reli itokayo kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Kwa reli hiyo makaa ya Wankie, katika Rhodesia ya Kusini, yaliletwa kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Union Minière. Basi bidhaa moja ilikuwa na hali mbili. Makaa ya Luena yalisafiri ndani ya nchi. Ya Wankie yalivuka mpaka, na hayana budi kutamkwa mbele ya forodha.

Yafaa ikumbukwe kwamba Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikataza ushuru wa bidhaa ziingiazo katika bonde la Kongo, na kwamba tamko la Brussels la 1890 liliruhusu ushuru usiozidi asilimia 10 ya thamani. Ushuru ukifuata thamani, neno la mwenye mzigo huwa ndilo msingi wa hesabu.

Huko pwani mambo yalikuwa mengine. Neno "forodha" lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, lilihusu mahali pa kushushia shehena. Forodhani ya Unguja yatukumbusha hayo. Mkataba wa Unguja na Marekani wa 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5, lakini Sultani alikuwa ameikodisha forodha. Jairam Shivji alimlipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, na habari za kila mzigo zikabaki katika daftari za mkodishaji. Dola ilipata fedha bila kupata maarifa.

Mageuzi ya siku zetu yamekusudia kuondoa upungufu huo. Tangu 1981 shirika la UNCTAD limeendeleza mfumo wa kompyuta uitwao kwa Kifaransa SYDONIA, ambao forodha ya Kongo huutumia. Orodha ya shehena yaweza kupelekwa kabla ya lori kufika Kasumbalesa. Aidha, tangu tarehe 1 Januari 1988 bidhaa hutajwa kwa tarakimu za mfumo mmoja wa kimataifa: makaa ya mawe ni 2701, makaa ya miti ni 4402.

Hapa mwanaisimu ana la kusema. "Makaa" peke yake hayatofautishi hayo mawili; hata "charbon" ya Kifaransa ina utata uo huo. Katanga, asemaye "makala" kwa kawaida amekusudia yale ya jikoni. Tarakimu imeondoa utata, lakini pia imemwondoa msomaji. Mfanyabiashara mdogo hutia sahihi tamko lililoandikwa na wakala kwa Kifaransa na kwa tarakimu. Likiwa na kosa, faini ni yake.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Hivyo basi, kamusi ndogo ya forodha, yenye tarakimu, Kifaransa na Kiswahili sanifu pamoja na maneno ya Katanga, ni kazi inayozihusu idara zetu. Mzigo hauna ulimi. Atakayeusemea na aeleweke kwa mwenyewe.