Shilingi ya Simba Katika Chenji ya Soko

Hivi karibuni nilinunua nyanya sokoni hapa Kampala, nikarudishiwa sarafu nne za shilingi mia. Ndani ya teksi, kondakta alinirudishia moja akisema, "Ssebo, hii si pesa."

Niliitazama vizuri. Mahali pa ng'ombe mwenye pembe ndefu palikuwa na simba aliyesimama mbele ya milima, jina la Afrika Mashariki kwa Kiingereza, na mwaka 1948. Ukubwa wake unakaribiana na wa shilingi mia yetu, ndiyo maana ilipita mikononi mwa watu bila kutambuliwa.

Sarafu hiyo ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919. Mwaka 1920 rupia iliondolewa ikaingia florini, na mwaka 1921 ikafuata shilingi. Shilingi hiyo moja ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia mwaka 1936 Zanzibar pia.

Mwalimu anaweza kuisoma sarafu kama anavyosoma matini. Shilingi za Mfalme George wa Sita za hadi mwaka 1946 zilimwita pia Kaizari wa India. Hii ya 1948 haina cheo hicho, kwa sababu India ilijitawala mwaka 1947. Zile za awali zilikuwa na robo ya madini ya fedha; hii ni ya shaba na nikeli tu.

Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha yake, na shilingi ya simba ikaondoka. Lakini majina hayakuondoka. Baganda huita fedha "ssente", neno lililotokana na senti, na pia "ensimbi", jina la kauri zilizotumika kununulia kabla ya sarafu. Tanzania husema "hela", kutokana na sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika huko mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Wajerumani walikwisha kuondoka, na sarafu yao pia, ila neno lao liko sokoni hadi leo.

Mwaka 2013 viongozi wetu walitia saini, hapa hapa Kampala, itifaki ya kuwa tena na sarafu moja. Lengo lilikuwa mwaka 2024. Mwaka huo ulipita bila sarafu hiyo. Wakati huohuo mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Busia hubadilisha noti, lakini akisema "pesa" anaeleweka pande zote mbili. Sisi tunaofundisha Kiswahili tusikichukulie hicho kuwa kitu kidogo.

Kondakta nilimlipa kwa sarafu nyingine. Ile ya simba niliipeleka darasani, wanafunzi wakaipitisha mkono kwa mkono. Kazi niliyowapa ni hii: waulizeni bibi na babu zenu majina ya fedha walizotumia, myaandike kabla hayajasahaulika. Nanyi walimu wenzangu, kabla ya kutumia chenji yenu, itazameni.