Hitima
Hitima ni kisomo cha Kurani anachosomewa marehemu, nacho humliwaza pia mfiwa. Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha wengi wao ni Waislamu, na kwao kisomo hiki ni sehemu kubwa ya msiba. Juzuu 30 za Kurani hugawanywa kwa wasomaji. Kila mmoja hushika yake, sauti zikapishana mkekani huku ubani ukifuka chetezoni. Mara nyingi husomwa pia Yasini, sura ya 36 yenye aya 83, na tahlili. Faraja yake kubwa imo katika kuitikia dua: mfiwa aliyenyamaza tangu maziko husema "amina" pamoja na majirani zake. Baada ya dua, chakula hupakuliwa.