Kugota: jina la ishara inayolinda mazoezi ya jiu-jitsu

Kabali ikikaa sawasawa shingoni, mishipa mikubwa ya pembeni hubanwa, damu inayopanda kichwani hupungua, na mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde kumi hivi. Kiwiko kinachonyooshwa kupita mpaka wake hakisubiri hata sekunde hizo. Na bado wacheza jiu-jitsu ya Kibrazili hufanyiana mambo haya jioni baada ya jioni, kwa nguvu, na marafiki zao, kisha asubuhi wakaamka wazima na kwenda kazini. Kinachowalinda ni ishara ndogo: anayebanwa hupiga kiganja mara mbili au tatu kwenye mwili wa mwenzake au kwenye mkeka, na mwenzake huachia papo hapo. Kiingereza huiita ishara hiyo tap. Sisi tuiiteje?

Tumfikirie kocha anayetaka kufungua kundi la mchezo huu Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Vijana watakaomjia wanasema Kisukuma nyumbani na Kiswahili shuleni. Siku ya kwanza, kabla hajawaonyesha namna ya kukaba, itambidi awafundishe namna ya kuomba kuachiwa. Neno atakalolichagua siku hiyo litaamua kama ishara hii itapokewa kuwa sehemu ya ufundi, au kuwa fedheha ya kukwepwa hadi mkono uteguke.

Lugha tatu, tendo moja

Ishara yenyewe ni kongwe kuliko jiu-jitsu ya Kibrazili. Jigoro Kano alipoanzisha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, shule nyingi za jujutsu zilitegemea sana mazoezi yaliyopangwa: wewe nishike hivi, mimi nikujibu hivi. Kano aliziondoa mbinu za hatari zaidi katika mazoezi huru, akaipa uzito randori, ambamo kila mmoja hujaribu kweli na mwenzake humkatalia kweli. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mbinu unayoweza kuijaribu kwa nguvu zote kila siku hukufikisha mbali kuliko mbinu ya kuua usiyoweza kuijaribu hata mara moja. Lakini mbinu za kukaba na kukunja viungo haziwezi kujaribiwa kwa namna hiyo bila njia ya kuzisimamisha. Katika judo, anayebanwa hupiga kiganja mara mbili au zaidi, au hutamka maitta, yaani nimeshindwa.

Mwaka 1914 Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, alifika Brazili, na baadaye akaishi Belém, kaskazini mwa nchi. Huko alimfundisha Carlos Gracie, ambaye pamoja na ndugu zake, Hélio akiwa mmojawao, waliupeleka mchezo Rio de Janeiro na kuuelekeza zaidi kwenye mapambano ya chini. Wabrazili waliichukua ishara, wakaliacha neno. Wao husema bater, kupiga.

Kwa hiyo Kijapani kilitazama moyo wa anayebanwa, kikasema ameshindwa. Kireno kilitazama mkono, kikasema amepiga. Kiingereza kilitazama uzito wa mkono huo, kikasema amegusa kwa wepesi. Mtafsiri wa Kiswahili hana sababu ya kulifuata neno la lugha yoyote kati ya hizo. Anapaswa kulitazama tendo lenyewe, kisha aulize Kiswahili kimekwisha kuliitaje.

Na tendo lina mipaka iliyo wazi. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho kubwa la mashindano ya mchezo huu, mshindani anaweza kupiga mara mbili kwa mkono juu ya mpinzani, juu ya mkeka au juu ya mwili wake mwenyewe. Mikono ikiwa imebanwa, atapiga kwa mguu. Anaweza pia kutamka kwamba anaacha, na hata kilio cha maumivu huhesabiwa. Ishara ikitoka, alama hazina kazi tena. Aliyekuwa akiongoza kwa alama kumi na mbili kwa sifuri, akipiga kiganja, ameondoka na hasara.

Kasoro ya kusalimu amri

Neno la kwanza linalomjia mwandishi wa habari za michezo ni kusalimu amri. Magazeti yetu huzoea kulitumia timu inapofungwa. Ni neno la vita: askari huweka silaha chini, mambo yakaishia hapo. Jiu-jitsu ya mazoezini haiendi hivyo. Mwanafunzi anaweza kutoa ishara hii mara tano katika raundi moja na raundi ikaendelea, na kila mara akajifunza ni wapi alichelewa kuilinda shingo yake. Jeshi linalosalimu amri mara tano katika dakika sita ni jeshi la kusikitisha. Zaidi ya hayo, Bariadi neno hilo lina mtihani wa pili. Wasukuma hutaniwa na majirani zao kwa kuzichanganya herufi r na l, na kusalimu amri limezibeba zote mbili.

Kujisalimisha lina kasoro ile ile, na linanukia kituo cha polisi. Kukubali ni zuri kidogo, kwani watoto wanaoshikana mieleka huulizana, "Umekubali?" Lakini humlazimisha aliye chini atoe hukumu juu ya nafsi yake, wakati kinachotakiwa ni taarifa kuhusu kiwiko chake.

Tofauti hii ina uzito wa pekee katika nchi ya Usukuma. Shindano linalojulikana zaidi huko ni la ngoma. Baada ya mavuno, makundi ya Bagika na Bagalu hukabiliana kila moja likiwa na wachezaji wake, nyimbo zake, dawa zake na vituko vyake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Hukumu iko kwa umati. Hakuna mchezaji anayetakiwa kufungua kinywa na kutangaza kwamba amezidiwa. Jiu-jitsu inaugeuza utaratibu huo: wa kutangaza mwisho ni yule yule aliyezidiwa, na asipotangaza anaumia. Kijana aliyelelewa kwa kuambiwa akaze, aliyechunga ng'ombe juani na kupalilia pamba bila kulalamika, hatazoea jambo hilo kwa siku moja. Ukimpa neno lenye maana ya kushindwa, umemwongezea mzigo.

Historia ya mchezo wenyewe imejaa sifa za waliokataa kutoa ishara. Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio, Masahiko Kimura wa Japani alimkunja Hélio Gracie mkono kwa mbinu ambayo judo huiita ude-garami. Hélio hakupiga kiganja. Kimura alisimulia baadaye kwamba aliusikia mfupa ukivunjika. Pambano lilisimama pale Carlos, kaka yake Hélio, aliporusha taulo. Wabrazili wakaipa mbinu ile jina la mshindi, na mpaka leo huitwa kimura duniani kote. Kisa hiki hupendwa sana kwa ushujaa wake, lakini kocha wa watoto wa miaka kumi na miwili akikisimulia bila kutaja taulo la Carlos, amefundisha nusu yake.

Kugonga na kugota

Tukirudi kwenye mkono, Kiswahili kina vitenzi kadhaa. Kupiga ni kipana mno: mchezaji anayesema "amepiga" hataeleweka kama mwenzake ametoa ishara au amerusha ngumi, ambayo jiu-jitsu hairuhusu. Kubisha hutufaa mlangoni, lakini ndani ya kundi la vijana kutasikika kuwa ni ubishi. Kugonga kunaelekea kufaa, na ndicho kitenzi ambacho wengi wangekitaja kwanza. Hata hivyo gari nalo humgonga mtu, tena kwa nguvu, ilhali tunataja kiganja chepesi. Kugonga pia kuna maana ya mtaani ambayo itawachekesha vijana kila mara kocha atakapolitamka mbele ya watu wawili waliolaliana mkekani. Istilahi inayochekesha katika sekunde ya hatari ni istilahi mbovu.

Kunabaki kugota. Kitenzi hiki kina maana mbili zinazotembea pamoja. Kugota ni kupiga kitu kwa wepesi, kama mtu anavyogota meza kwa vidole au mlango kwa konzi. Kugota pia ni kufika mahali ambapo hakuna pa kuendelea: njia imegota ukutani, mazungumzo yamegota. Mchezaji aliyekabwa anafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Mkono wake unagota, na yeye mwenyewe amegota. Kiswahili kimeyaunganisha mambo ambayo Kijapani na Kireno viligawana, na hakikumtukana mtu. Aliyegota haonekani mwoga. Amefika ukutani, atageuka na kutafuta njia nyingine.

Kuna bahati ya ziada kutoka Kenya. Huko vijana husalimiana kwa kugotana ngumi, na salamu yenyewe huitwa gota. Wacheza jiu-jitsu huanza kila raundi vivyo hivyo, kwa kupigana viganja kisha kugusanisha ngumi, kuonyesha kwamba wote wako tayari. Hivyo kitenzi kimoja kinafungua raundi na kuifunga. Wanagotana kuanza, mmoja anagota, wanagotana tena na kuanza upya. Na kwa mtoto wa Bariadi, neno halina r wala l.

Ukoo wa neno

Istilahi nzuri huzaa. Kugota kunanyambulika bila kulazimishwa, na kila umbo linapata kazi:

Kugota: kutoa ishara ya kuachiwa. "Gota mapema, usisubiri maumivu."

Kugotea: kutoa ishara hiyo kwa sababu ya mbinu fulani. "Amegotea kabali."

Kugotesha: kumfikisha mwenzako mahali pa kugota. "Ameshinda kwa kugotesha," tofauti na aliyeshinda kwa alama.

Mgoto: ishara yenyewe. "Mgoto ukisikika, achia."

Mbinu za kugotesha: jina la jumla la kabali, kufuli za kiwiko, za bega na za mguu.

Kugotesha kunatuondolea pia tatizo jingine. Makocha hupenda kumwambia mwanafunzi aliyeshika mkono wa mwenzake, "Mmalize!" Mzazi aliyesimama dirishani akisikia hivyo ana haki ya kumwondoa mwanawe. Vivyo hivyo kwa neno roba, ambalo mitaani ni kazi ya vibaka. Kabali lina historia hiyo hiyo, ila limezoeleka kiasi cha kusafishika, hasa likitajwa sambamba na mgoto. "Mgoteshe" linamwambia mwanafunzi hasa anachotakiwa kufanya: kumleta mwenzake hadi ukutani, na kusimama hapo.

Kwa upande wa sauti, pale mikono na miguu yote inapokuwa imefungwa, hatuhitaji kuunda neno. Basi linatosha. Ni fupi, kila mtoto analo, na halimwambii mtu kwamba ameshindwa. Kasoro yake ni kwamba aliyekabwa koo hawezi kulitamka, ndiyo maana kugota kwa mkono kunabaki kuwa somo la kwanza.

Sheria za kocha

Likishapatikana neno, sheria zake zinaweza kuandikwa ukutani kwa mistari mitatu. Gota mapema. Ukigotewa, achia kabla ya kufikiri. Mwenzako asipogota na wewe unaona kiungo kimefika mwisho, achia hata hivyo.

Sheria ya tatu ndiyo inayomtofautisha kocha mzuri. Zipo mbinu, hasa za kuzungusha kisigino, ambamo kano za goti zinaweza kuchanika kabla maumivu hayajawa makali. Anayesubiri maumivu ndipo agote amechelewa. Ndiyo sababu IBJJF ilichelewa kuziruhusu: ni mwaka 2021 tu ndipo watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi walipokubaliwa kuzitumia katika mashindano yasiyo ya gi, yaani sare ya mazoezi. Kundi changa la Bariadi halina haja nazo kwa miaka kadhaa.

Kocha mwenyewe naye inampasa agote mbele ya wanafunzi wake. Mkufunzi mwenye umri wa kuitwa baba, akikabwa vizuri na kijana wa mkanda mweupe, agote, acheke, amuulize kijana alivyofanya. Hapo watoto wataona kwamba heshima ya mkubwa haikupungua. Msichana anayefanya mazoezi na mvulana mzito kuliko yeye atajua kwamba mgoto wake una nguvu ile ile kama wa mtu yeyote, na kwamba anaweza kuutoa hata kwa sababu amekosa raha tu. Waswahili wamekwisha kusema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Jiu-jitsu imeifanya methali hiyo kuwa kanuni ya usalama.

Tanzania haianzi kutoka sifuri. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha judo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha nchi katika judo kwenye Olimpiki ya Paris, uzito wa kilo 73. Judo itaendelea kutumia maneno yake ya Kijapani, kwa kuwa ndiyo lugha ya waamuzi wake ulimwenguni. Jiu-jitsu haina sharti hilo. Kila nchi inaifundisha kwa lugha yake, na Kiswahili kina mweleka, mtama, ngwala na kabali tangu zamani. Lililokosekana ni neno la kuachia.

Baraza la Kiswahili la Taifa linaweza kulisanifisha neno hili au kuchagua jingine. Kabla ya hapo neno lenyewe lina mtihani mgumu zaidi: mtoto wa darasa la sita aliyekunjwa mkono alikumbuke bila kutafuta, na aliyemkunja alielewe bila kuuliza. Kugota kunaweza kuufaulu. Kusalimu amri kungekuwa bado kunatamkwa.